Kulala Msituni na Farasi: Mambo ya Kujua Kabla Mbogi Yenu Haijatoka Lumakanda

Saa 9 usiku. Msitu kimya, baridi ya Turbo imeingia hadi kwa mifupa. Sisi wasee watano tumesimama nje ya tenti na tochi za simu, tunaangalia farasi wa wenyewe akijirusha chini. Anainuka. Anageuza shingo anaangalia tumbo lake. Anakwaruza mchanga na mguu wa mbele, halafu anaenda chini tena. Hakuna msee anacheka, hakuna msee anachukua video. Na ni sisi hao hao tulikuwa tumeposti picha kali jioni, kofia za kauboi kichwani, watu wakiuliza kama hio ni Marekani ama ni Lugari.

Farasi alikuwa jike wa rangi ya udongo, tulikuwa tunamwita Brauni. Hakuwa wetu. Alikuwa wa mzee mmoja mwenye anakodisha farasi kwa sherehe na picha za Krismasi, na school fees ya watoto wake inatoka kwa mgongo wa huyo farasi. Story ya Brauni tutaimaliza huku mbele. Kwanza wacha nikuchanue, juu naona siku hizi kila mbogi pande za Lumakanda, Turbo, Kipkarren na Matete inataka kutoka na tenti wikendi, na kila mtu ameona zile video za watu wakipanda farasi katikati ya miti. Inawezekana. Ni kitu safi sana. Lakini iko na kanuni moja kubwa: ukienda kambi na farasi, ratiba ni ya farasi. Wewe ni mgeni wake.

Kwani farasi walipotelea wapi huku kwetu?

Ukikulia Lumakanda unajua ng'ombe, unajua mbuzi, unajua punda wa kubeba maji. Farasi unamwona kwa kitabu cha shule. Wengi hufikiri ni juu ya doh tu. Hapana. Sababu ya kwanza ni magonjwa.

Farasi akiletwa Afrika ya huku kati anakutana na maadui wawili. Wa kwanza ni mbung'o, yule nzi wa kuleta nagana, ugonjwa wenye unakondesha mnyama hadi anaanguka. Magharibi mwa Kenya tumeishi na mbung'o miaka mingi, kuanzia Busia hadi Bonde la Lambwe kule Homa Bay. Adui wa pili ni mbaya zaidi: maradhi ya farasi ya Afrika. Hio ni virusi, inabebwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wenye wanauma jioni. Pundamilia anaweza kuwa nayo na hata haonyeshi. Farasi mwenye hajachanjwa akiipata ile aina kali, mara nyingi anadedi. Unaona macho yamevimba kwa juu, anapumua kwa shida, povu linatoka puani, na ndani ya siku chache stori imeisha. Dawa ya kuiponya hakuna mpaka leo. Kati ya 1959 na 1961 hii kitu ilitoka Afrika ikaingia Mashariki ya Kati hadi India na Pakistan, na ikamaliza farasi, punda na nyumbu zaidi ya 300,000. Mwaka wa 2020 ikafika Thailand, ikaua mamia.

Kwa hivyo babu zetu hawakuwa washamba. Nchi yenyewe ilikuwa inakataa farasi.

Wenye walijaribu ni masetla. Mwaka wa 1908 Makaburu waliongozwa na Jansen van Rensburg walipanda na magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru hadi uwanda wa Uasin Gishu, na farasi walikuwa kwa msafara. Baadaye mashamba makubwa ya Soy, Turbo hadi huku Lugari yakawa ya wazungu, na farasi ndio walikuwa pikipiki za wenye shamba. Uhuru ulipokuja, miaka ya 1960, mashamba yakagawanywa. Lumakanda yenyewe ni skimu ya makazi ya wakati huo. Watu wakapewa ekari zao, wakapanda mahindi, wakaweka ng'ombe wa maziwa. Hakuna mtu wa ekari 15 alikuwa anahitaji farasi.

Leo ukitaka kuona kambi za farasi zenyewe, Kenya ziko Maasai Mara, Laikipia na pande za Chyulu. Wageni wanapanda siku nzima, wanalala kwa tenti, kesho kambi inahamishwa mbele. Kampuni kama Offbeat Safaris imefanya hio kazi Mara kwa miaka mingi. Mwanzilishi wake, Tristan Voorspuy, aliuawa Laikipia Machi 2017 akiwa ametoka na farasi kuangalia nyumba zilizochomwa wakati wa vurugu za mashamba. Ethiopia nako, kwa milima ya Bale pande za Dodola, wenyeji wanakodisha farasi wao kwa wageni wenye wanapita msituni siku kadhaa. Kwa hivyo si ndoto. Ni kazi ya watu, na ina taratibu zake.

Msitu upi? Usikurupuke

Hapa ndio wengi huingia box. Unatoka Lumakanda, akili inakwambia Kakamega Forest, si iko kwa kaunti yetu? Poa, lakini ngoja.

Sehemu ya Buyangu, kaskazini mwa msitu, ni hifadhi ya taifa chini ya KWS tangu 1985. Ukishuka Webuye, ukachukua barabara ya Kakamega, unapita Malava unafika. Ni msitu wa mvua wa asili, kipande cha mwisho Kenya cha ule msitu mkubwa wenye ulikuwa unaunganisha hadi Kongo. Mbega wako, ndege wa zaidi ya aina 300 wako, kuna kambi na bandas za Udo's. Enda na tenti yako, lipa kwa eCitizen, chukua gaidi akupeleke kilima cha Buyangu asubuhi na mapema uone ukungu ukipanda kutoka kwa miti. Lakini hifadhi si pahali pa kuingiza mifugo, na farasi kwa sheria ni mifugo kama ng'ombe wa jirani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuingia nao bila ruhusa. Na hata ukiweka sheria kando, njia za Buyangu ni nyembamba, zina mizizi na utelezi. Miguu ya farasi hapo ni kuchezea bahati.

Farasi anafaa msitu wa kupandwa: barabara pana za magogo, miti imepangwa kwa mistari, unaona mbele. Pande zetu tuko nazo. Miti ya Turbo ilipandwa kulisha kile kiwanda cha karatasi cha Webuye, na barabara zake zilitengenezwa lori zipite. Hizo ziko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Unaenda kwa ofisi ya kituo cha msitu, unaongea na msimamizi, unasema mko wangapi, farasi wangapi, usiku ngapi, mtalala wapi. Unapata kibali kwa maandishi. Ukiweza, ongea pia na CFA, kile chama cha jamii ya hapo, juu wao ndio wanajua wapi kuna chemchemi na wapi miti inaangushwa wiki hio.

Usiseme "si ni msitu tu, nani ataona". Sheria ya Misitu ya 2016 inasema hufai kuwa ndani ya msitu wa serikali kati ya saa 1 usiku na saa 12 asubuhi, isipokuwa unapita barabara inayotambulika ama uko kwa shughuli iliyoruhusiwa kama burudani. Kuwasha moto bila ruhusa ni kosa. Kulisha mifugo bila ruhusa ni kosa. Sasa piga hesabu: mbogi ya watu watano, moto umewaka, farasi wawili wanakula nyasi, saa 4 usiku, hakuna karatasi. Hayo ni makosa matatu kwa picha moja, na picha umeposti mwenyewe.

Njia ya tatu na rahisi kuliko zote: shamba la mtu lenye limepakana na msitu. Mnalala kwa mwenyewe, farasi ana boma, mchana mnaingia msituni na kibali. Kwa mara ya kwanza, mimi ningechukua hio.

Msimu: kwepa usubi, kwepa matope

Nenda Januari ama Februari. Mvua imetulia, mahindi yamevunwa, njia zimekauka. Kuanzia Machi hadi Mei usijaribu. Si tope tu. Usubi huzaana kwa matope yenye yamechanganyika na mavi ya mifugo, na baada ya mvua ndio maradhi ya farasi yanapanda.

Kabla ya kukodisha, uliza mwenye farasi swali moja: amechanjwa lini? Chanjo ipo na hurudiwa kila mwaka. Lakini haifanyi kazi siku ile ile, mwili unahitaji wiki kadhaa kujipanga. Kama jibu ni "tutamchanja Ijumaa tukienda", ahirisha safari.

Kambini, usubi anatoka jua likianza kuzama hadi asubuhi. Kwa hivyo:

- Usilale karibu na kinamasi, dimbwi ama zizi la ng'ombe. Tafuta pahali pameinuka, upepo unapita.
- Mpake farasi dawa ya kufukuza wadudu saa 11 jioni, kabla giza. Muulize daktari wa mifugo ni gani.
- Mfunike blanketi jepesi usiku. Huku Turbo litamsaidia na baridi pia.
- Mavi yaondoe karibu na kambi kila jioni. Usiyaache chungu moja.

Wewe una kilo ngapi, boss?

Swali la aibu lakini lazima. Farasi mzima anafaa kubeba karibu asilimia 20 ya uzito wake, na hio ni pamoja na tandiko. Farasi wengi wa kukodisha huku ni wa kilo 400 hivi. Asilimia 20 ni kilo 80. Tandiko na vitu vyake toa kilo 10. Umebaki na 70. Kama wewe ni wa 95 na umebeba begi ya chapo na sufuria mgongoni, tembea kando yake. Hakuna aibu. Hata kwa safari kubwa watu hushuka na kuvuta farasi kwa mkono kwenye mteremko.

Mizigo ya kambi isiende kwa farasi mwenye amepandwa. Tuma pikapu itangulie. Na usifikiri nduthi itaweza, ngoja uone chakula.

Chakula na maji: hesabu ya pikapu

Farasi anakula karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, nyasi kavu. Wa kilo 400 ni kilo 8. Ijumaa jioni hadi Jumapili, hesabu beli mbili za boma rhodes kwa kila farasi, ndio akiba ibaki. Tumbo lake ni dogo kwa mwili mkubwa, kwa hivyo anakula kidogo kidogo mchana na usiku. Akikaa masaa mengi bila kitu mdomoni, tumbo linaanza shida. Usiku lazima nyasi iwe mbele yake.

Maji ni mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, jua likiwaka ni mitatu na zaidi. Usimpeleke farasi kwa chemchemi akaingia ndani na miguu na kukojoa humo. Hapo chini kuna mathe wa mtu anachota maji ya chai. Chota na ndoo, mpe mita 60 kutoka kwa maji. Ni kama hatua 80 za mtu mzima.

Na sasa mimea. Farasi hawezi kutapika. Hio shika vizuri, ndio msingi wa kila kitu. Akila kitu kibaya, kimeingia. Hakuna njia ya kurudi. Kwa hivyo:

- Majani na maganda ya mti wa avocado ni sumu kwake. Mikuyu iko, mikaratusi iko, usimfunge kwa avocado ya mwenye shamba.
- Lantana, ile ya maua ya rangi rangi kwa ua, ni sumu.
- Mbegu za mbarika ni sumu, hata kidogo.
- Nyasi ya kukatwa kwa mashini iliyorundikwa ikapata moto, usimpe.

Mahindi, wasee. Mahindi

Huku Lugari mahindi ni kila kitu. Ni ugali, ni chapaa, ni malisho. Ukivuna unachagua: mazuri yanaenda sokoni, yale ya ukungu yanawekwa kando, halafu kuku na ng'ombe wanapewa. Kila boma linafanya hivyo.

Sote tunajua aflatoksini. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hio yaliua watu 125 mashariki mwa nchi, hasa Ukambani. Lakini kuna nyingine hatuongei sana, fumonisini, inatoka kwa ukungu mwingine mweupe ama wa pinki kwa hindi. Mnyama mwenye anaumizwa nayo zaidi ya wote ni farasi. Inaenda kwa ubongo. Akilishwa mahindi ya hivyo kwa siku ama wiki, unamwona anayumba kama mlevi, haoni, anasukuma kichwa kwa ukuta, halafu amekwisha. Ng'ombe wa jirani amekula hayo hayo na anacheua tu.

Na hata mahindi safi, farasi mwenye hajazoea akipewa mengi kwa mara moja, yanachachia tumboni. Anapata msokoto wa tumbo, ama kwato zinawaka moto kwa ndani hadi hawezi kukanyaga.

Sasa turudi kwa Brauni.

Beste yangu alikuja na nusu debe ya mahindi kutoka kwa stoo ya kwao. Roho safi kabisa. Saisi wa yule mzee, jamaa wa maneno machache, aliangalia, akachukua punje chache akanusa, akarudisha kwa gunia. Akasema, "Huyu ni wa nyasi." Basi. Hakutoa lekcha.

Saa 4 usiku saisi akalala. Brauni alikuwa anatuangalia na yale macho makubwa. Mtu akasema, masikini, ametubeba siku yote, si tumpe kidogo? Mimi ndio nilishika gunia. Nikammwagia kwa karai. Akamaliza. Nikaongeza. Nilijiona mtu wa huruma sana.

Saa 9 ndio hio nimekuambia hapo juu.

Dalili na cha kufanya, soma mara mbili

Msokoto wa tumbo unaonekana hivi: anakataa kula, anaangalia ubavu, anakwaruza chini, anataka kulala na kubingirika, anatoka jasho bila kazi, hatoi mavi. Sikiza ubavuni na sikio lako. Tumbo zima linanguruma. Likinyamaza kabisa, hio ni noma.

Jua namba zake kabla ya kutoka nyumbani. Farasi akiwa ametulia, moyo unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, anapumua mara 8 hadi 16, joto ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Bonyeza ufizi na kidole: rangi ya pinki inafaa kurudi ndani ya sekunde 2. Moyo ukipita 60 na ametulia tu, usingoje asubuhi.

Cha kufanya:

- Ondoa chakula chote mbele yake.
- Piga simu kwa daktari wa mifugo. Namba yake iwe imehifadhiwa tangu Ijumaa, na mmeshaongea naye kujua kama anatibu farasi. Wengi huku wamezoea ng'ombe.
- Mtembeze polepole kama anataka kubingirika kwa nguvu. Akisimama ama akilala ametulia, mwache apumzike.
- Usimmiminie mafuta, soda, maziwa wala dawa ya kienyeji mdomoni. Inaweza kuingia kwa mapafu ikamuua kabla ya tumbo.

Saisi aliamka, akaona karai, akajua. Hakutukana. Aliuliza tu, "Ngapi?" Nikamwambia ukweli, karibu kilo 3. Akachukua kamba, akaanza kutembea na Brauni kwa ile barabara ya magogo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mimi nikimulika njia. Network ilikuwa kwa kona moja tu, beste akasimama hapo akipiga simu hadi daktari akashika. Alifika saa 12 na nusu na nduthi. Akampiga sindano ya maumivu, akapitisha mpira kupitia puani hadi tumboni, akatoa kilichotoka. Saa 4 asubuhi Brauni akatoa mavi. Sijawahi kuona watu watano wazima wakishangilia mavi ya mnyama namna hio.

Bili tulichanga sote. Na mimi nilienda mwenyewe hadi kwa mzee nikamwambia nilichofanya, kabla saisi hajalaumiwa. Mzee alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Mwanangu, farasi akikuangalia hivyo hakuombi mahindi. Anaangalia tu."

Kumfunga usiku bila kuua mti

Hii wengi hawajui, hata wenye farasi. Ukimfunga kwa shina la mti, atachoka, ataanza kula maganda na kuchimba mizizi na kwato. Asubuhi mti umechunwa kuzunguka, na mti wenye umechunwa hivyo unakauka. Afisa wa misitu akiona, kibali chako cha mwaka ujao umekizika.

Fanya hivi. Chagua miti miwili mikubwa, umbali wa mita 8 hivi, chini pakavu hakuna matawi. Zungusha kila shina mkanda mpana, hata tyubu ya gari iliyokatwa, ndio kamba isikate ganda. Vuta kamba nene kati ya hio miti, juu kuliko kichwa cha farasi, kama mita 2 na zaidi, ikaze sana. Sasa kamba ya farasi ifungwe kwa hio ya juu, na urefu wake ufikishe pua chini tu. Ikiwa ndefu zaidi atakanyaga, mguu utanaswa, na kamba ya nailoni itamchoma hadi nyama. Tumia fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja, na kisu kiwe karibu.

Farasi wawe mbali kidogo na moto, lakini uwaone kutoka kwa tenti. Mtu mmoja awe macho kwa zamu. Si juu ya fisi tu, ni juu ya watu.

Asubuhi kabla ya kutoka, tawanya mavi, jaza mashimo ya kwato, rudisha majani, fungua mikanda. Yule mwenye anapita hapo Jumatatu asijue mlikuwa.

Kama hakuna farasi, punda ako

Sasa ukweli wenyewe: wengi wenu hamtapata farasi mwenye amechanjwa na saisi wa kuaminika. Na si mbaya. Chukua punda wawili wabebe mizigo, nyinyi mtembee. Punda wa huku, kilo 150 hivi, anaweza kubeba 50 bila kuumia. Maradhi ya farasi humpata kidogo tu. Anakula kidogo, hana mbio, na akikataa kuvuka daraja bovu, msikize. Mara nyingi yeye ndio ako sawa.

Kitu moja tu: mlinde usiku kuliko simu yako. Tangu viwanda vya kuchinja punda vianze Kenya mwaka wa 2016, ngozi zikienda China, wizi wa punda ulipanda vibaya. Serikali ilipiga marufuku 2020, Mahakama Kuu ikaondoa hio marufuku 2021. Kwa familia yenye inaishi na maji ya punda, kuibiwa mmoja ni kufungwa kwa biashara.

Kwa nini nakuambia haya yote

Juu naona nafasi hapa. Tuko na msitu, tuko na barabara za magogo, tuko na vijana wenye hawana kazi na wanajua kila njia. Kule Dodola watu wa kijiji wanapata kitu na farasi wao. Lumakanda tunaweza kuanza na punda sita, tenti nne na kibali. Lakini safari ya kwanza mnyama akidedi, biashara nayo imededi, na msitu utafungwa kwa wote wenye wangekuja baadaye.

Brauni bado ako. Krismasi iliyopita nilimwona kwa uwanja, amevalishwa riboni nyekundu, watoto wamepanga laini wakingoja zamu ya kupigwa picha. Nilienda nikasimama mbele yake. Akaniangalia na yale macho.

Safari hii sikuwa na kitu mfukoni. Nilimkuna tu shingo, nikalipa mzee, nikaenda.